Picha ya Mshipa wa Mama

Mama hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia. Akitoka Njombe kuja kwangu Makambako, nilikokuwa nauza mitumba, kutoka stendi hadi mezani kwangu asubuhi nzima ilikwisha.

Mwaka ule miguu ilimvimba na kupumua kukawa kazi. Tukapewa rufaa ya Dar es Salaam. Wataalamu wageni walitaka kumwekea betri ya moyo, waya wake upite ndani ya mshipa.

"Picha ya kawaida ni bapa, kama kivuli ukutani," daktari alinieleza. "Tunataka kuuona mshipa pande zote, tujue unakata kona wapi. Bila hivyo waya hatuupitishi."

Mashine ingemzunguka mara moja, dawa ya rangi ikiwa mwilini. Asitikisike, asiseme. Na kwa sababu ya figo zake, dawa ile isingerudiwa ovyo.

Nilikuwa nyuma ya kioo. Fundi wa mashine, kijana wa kwetu, alimwona mama anaogopa, akataka kumtuliza. Akamsalimia kwa lugha ya kwetu kwenye kipaza sauti, "Kamwene, mama!"

Mama akainua kichwa. "Kamwene, mwanangu! Wa wapi wewe? Wazazi hawajambo?"

Picha ikatoka ukungu mtupu.

"Tutarudia mara moja tu," daktari alisema. "Ikiharibika, mrudishe nyumbani."

Nilimsihi mama wodini. "Ni kunyamaza kidogo tu."

"Nimnyamazie mtoto wa watu? Atasema nimemkosea nini yule bibi."

Nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia. Nikamtafuta yule fundi nikamweleza.

Siku ya kurudia, fundi alivuta kiti kando ya kitanda kabla ya kuwasha chochote. Wakasalimiana: wazazi, mahindi, ng'ombe, baridi ya huko. Daktari akatazama saa.

"Mmemaliza?"

"Bado mjomba wake," mama akajibu.

Mjomba naye alipokwisha kujuliwa hali, mama akafumba macho, akatulia kama ubao.

Baadaye daktari aliniita kwenye kompyuta. Moyo wa mama ulielea pale, mishipa imeukumbatia, naye akaugeuza taratibu. Mshipa wa kwanza ulipinda vibaya. Wa pili ulikuwa mwembamba mno. Akaugeuza moyo tena, na kwa nyuma, ambako picha bapa isingefika, mmoja ulishuka bila haraka.

"Huu," akasema. "Huu utapokea waya."

Na kweli ulipokea.