Kijiti cha Vinywa Saba

Syntiche hakuwa mtu wa kuchefuka upesi. Miaka minne ya kupokea simu za huduma ya kujipima UKIMWI, katika chumba kidogo karibu na kampasi ya Kasapa, ilimzoeza kusikia vijana wakilia, wakitukana, hata wakitapika. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Kijana anachukua kisanduku cha kipimo, anapitisha kijiti kwenye fizi, anangoja dakika ishirini mistari ijitokeze juu yake, kisha anatuma ujumbe wa bure kwa simu yoyote, hata ile ya vitufe: namba ya kisanduku na idadi ya mistari. Mmoja, yaani hana virusi, jibu la pongezi linamfikia. Miwili, yaani huenda anavyo, Syntiche anampigia mwenyewe na kumwongoza polepole hadi kwa daktari.

Ijumaa hiyo aliona namba moja ya kisanduku imetumwa kutoka simu saba. Zote mstari mmoja. Akidhani ni kosa la kuandika, alipigia simu ya kwanza, ya mwanafunzi aitwaye Mukuka. Mukuka alicheka. Kijiti kimoja kilichokwisha kutoa mstari mmoja kinatosha bweni zima, alieleza, kama koti la kupigia picha ya pasipoti. Siku hizi wasichana wanataka kuona kwa macho; basi unaingia chooni nacho mfukoni, unakilamba kilowe kama kipya, unatoka nacho, unatuma namba yake mbele ya msichana.

"Wote saba munalamba kile kile?"

"Yaya, mate ni mate tu," alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima.

Syntiche alikata simu, akaenda kunawa mikono. Mkuu wake, Alexis, alipoelezwa, aliuliza tu kama ujumbe wote saba ulifika. Takwimu za mwezi zilikuwa nzuri, zisiguswe. Huyo alimchefua kuliko Mukuka.

Lakini simu ya tano kati ya zile saba ilikuwa ya Guelor, mchumba wa mdogo wake, Abigaël. Jumatano tu Abigaël alimwonyesha ujumbe wa pongezi aliopata Guelor, akisema kwa furaha kwamba baada ya ndoa hawatahitaji tena kondomu. Na Syntiche alikuwa ametia sahihi: kinacholetwa na simu hii hakitoki nje, hata kwa ndugu. Akivunja neno hilo, nani atathubutu kumwandikia tena?

Kesho yake alikwenda kwa Abigaël, Kampemba, na kisanduku kipya. Alimkuta na Guelor mezani. Aliwaambia anachowaambia wachumba wote, kwamba mtu hupima mbele ya mwenzake. Guelor alitabasamu, akatoa kijiti mfukoni mwa shati, akakilaza kando ya sahani ya bukari, ugali wa kwao. Kilikuwa kimegeuka njano, na nyuzi za shati zimekishika.

"Yaya, yangu iko. Mustari moja, angalia."

Mate yalimjaa Syntiche mdomoni, akayameza.

"Iko yako kabisa?"

"Yangu."

"Basi weka tena mu kinywa."

Guelor alicheka peke yake. Akakiinua kijiti, akakifikisha karibu na midomo, midomo ikajifunga. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyewakumbuka wenzake mmoja mmoja.

"Unaogopa mate yako?" Abigaël aliuliza taratibu.

Guelor alikirudisha kijiti mezani. Abigaël alisukuma sahani mbali, akakichana kile kisanduku kipya.

"Yaya, hatukungoja ndoa. Tuliacha kondomu juzi."

"Mara moja?"

"Moja."

Syntiche alimshika mkono. Kipimo hiki, alimwambia, hakiwezi kuona cha juzi. Kinaona cha miezi iliyopita. Kwa cha juzi kuna vidonge vya kuzuia virusi hospitalini, navyo vinataka kuanzwa kabla siku tatu hazijapita. Abigaël alitafuta viatu chini ya meza. Guelor alisema atawasindikiza.

"Weye baki," Abigaël alimwambia. "Ile kitu yako, toa ku meza yangu."

Walishika njia ya hospitali, Abigaël mbele, akitembea karibu kukimbia.