Niliitia Doa Sanda ya Mama Mkwe, Akaachwa Mke Mwenzangu

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu mwaka mzima nimelizungushazungusha, mara nikaitupia lawama kaniki, mara mvua, mara shetani. Kaniki haikusema uongo. Niliyesema ni mimi.

Nisikilizeni tafadhali, wasomaji wa gazeti, maana nyumbani sina wa kumwambia.

Mimi ni mke mkubwa katika nyumba ya fundi seremala hapa Morogoro mjini. Tulikuwa watu kumi na sita, bila kuhesabu wageni wa pwani wanaokuja kutafuta kazi ya reli na kulala kwetu mpaka wasahau kwao. Ndugu wawili wa mume wangu wanakaa humo na wake zao na watoto, na mama yao mzazi alikuwa na chumba chake cha mbele. Jamani, nguo! Kanzu za wanaume, vikoi vyenye gundi ya mbao, mashuka, kanga, vitambaa vya watoto wachanga. Ukimaliza lundo moja unageuka, jingine liko mlangoni.

Kufua kote kulikuwa mkononi mwangu. Nilipanga zamu mimi, nani aende mtoni leo, nani abaki apike wanga wa muhogo wa kutilia kanzu, nani ashike pasi. Sabuni niliifungia kashani, nikaikata kwa uzi, kila mfuaji na kipande chake. Na nilikuwa na sheria zangu. Nyeupe hufuliwa kwanza, tena upande wa juu wa mto. Za rangi zinafuata. Kaniki mpya, ile ya buluu iliyokoza, hufuliwa peke yake, mwisho kabisa, na haiguswi na nguo nyingine mpaka ikauke, kwa kuwa inatoka rangi hata ukiifua mara tano.

Nilikuwa mkali kwa sheria hizo! Niliwahi kumtoa machozi mke wa shemeji yangu kwa kuloweka kanga mpya pamoja na kofia ya mumewe. Nilimwambia mbele ya watu kwamba kwao hawakufundishwa kufua. Leo nikilikumbuka neno lile natamani ardhi inimeze.

Mke mwenzangu, nitamwita Bi Mdogo, ni mtu wa mlimani, juu huko ukipita Bigwa. Katika nyumba nzima ni yeye tu aliyevaa kaniki, na wifi yangu, dada wa mume wangu tunayekaa naye humo, hakuacha kumcheka kwa hilo. Aliponikuta nilikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Nilijiandaa kumchukia, na mwezi wa kwanza nilijitahidi kweli! Lakini alikuwa mtu wa kazi na wa vicheko, nikashindwa.

Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Zena, alingoja arobaini itimie, akaja chumbani kwangu akaniwekea mtoto mapajani. Akasema, "Dada, huyu wako. Mimi nitazaa mwingine." Hakuwa anatania. Zena alilala kitandani kwangu tangu alipoacha ziwa, na mimi alikuwa akiniita Mama Mkubwa.

Sasa nije kwenye sanda.

Mama mkwe wangu alikuwa amejinunulia sanda yake mwenyewe, bafta nyeupe safi, kama wafanyavyo wazee wengi wa dini yetu wasiotaka kuwa mzigo siku yao ikifika. Aliiweka kashani pamoja na karafuu na udi. Kila mwaka mwezi wa Shaabani aliitoa ifuliwe, ipigwe jua, irudi. Alikuwa akiipapasa kama msichana anavyopapasa nguo zake za harusi. Na kazi ya kumfulia nguo zake zote, sanda ikiwemo, ilikuwa ya Bi Mdogo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa laini.

Mwaka ule Bi Mdogo alikuwa ndani na mtoto wa pili, wa kiume, arobaini yake haijatimia. Mama akaniita mimi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Chukua hii ukanifulie. Kwa mkono wako mwenyewe, usimpe mtu."

Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikaichukua, nikaiweka kwenye karai juu ya mzigo mwingine. Ndani ya mzigo ule mlikuwa na nguo za mzazi, na kati yake kaniki mpya ambayo mume wetu alimnunulia kwa kumzalia mtoto wa kiume.

Mtoni nilianza vizuri. Sanda niliifua kwanza, kwa sabuni nzuri, nikaisuuza mara tatu, nikaitandaza majanini. Kisha maneno yakanikolea. Walikuwepo wanawake wa mtaa wa pili na habari za askari aliyepigana na mkewe mbele ya boma, na mimi habari kama hizo siziachi njiani. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Nilipoinua macho mlima wote ulikuwa umefunikwa na wingu jeusi, na mto umeanza kubadilika rangi. Anayeujua mto wetu anajua, mvua ikinyesha juu huna muda wa kusema subiri.

Nikazoa. Kila kitu, kibichi na kilichokauka, ndani ya karai moja. Nilijua ninachofanya! Niliiona kaniki inachuruzika, nikaiona bafta chini yake, nikajiambia nyumbani si mbali.

Nami sikwenda nyumbani. Mvua ilinikuta njiani, nikajibanza kwa shoga yangu, akanipa uji wa moto, tukaendelea na habari ya askari mpaka alasiri. Karai likabaki kibarazani.

Nilipofika kwetu nikaifunua ile bafta. Katikati palikuwa na doa la buluu ukubwa wa chapati, na madoa madogo yameruka kuizunguka.

Siku tatu nilihangaika nalo kwa siri. Sabuni, maji ya majivu, ndimu na chumvi, jua kali. Lilififia, halikutoka. Ningekwenda kwa Mama nikampigia magoti angenigombeza, angelia kidogo, angenunua nyingine. Kwisha. Lakini mimi, mwenye sheria zangu, niliyemwaibisha mke wa shemeji kwa kofia! Nilishindwa. Nikaikunja doa likiwa ndani, weupe nje, nikamrudishia.

Akaipapasa, akaridhika. Akaniombea dua, "Mungu akusitiri mwanangu, kama unavyonisitiri mimi." Niliitikia amina.

Mama alifariki mfungo pili, homa ya siku nne. Asubuhi ile uani pamejaa wanawake, mkoshaji amekwisha ingia na maji, wifi yangu akaletewa kasha akaitoa sanda ya mama yake. Akaikunjua mbele yetu sote.

Wanawake wakasogea kulitazama lile doa.

"Hii nini?" wifi akauliza. Akanigeukia mimi, bibi wa kufua. "Nani aliifua sanda ya mama?"

Nikasema, "Nguo za Mama hufua Bi Mdogo."

Maneno sita. Wala si uongo ukiyatazama juu juu, ndiyo ilivyokuwa desturi ya nyumba. Niliyachagua hivyo kwa makusudi, nikiwa na akili zangu timamu, maiti ya yule mama ikiwa chumba cha pili. Aliyejua kwamba sanda ile alinikabidhi mimi ni yeye peke yake, na yeye ndiye aliyekuwa akingoja kuoshwa.

"Rangi ya kaniki hii!" wifi akapiga kelele. "Nani humu ndani anavaa kaniki?"

Bi Mdogo alikuwa amesimama karibu na jiko, mtoto mgongoni. Akasema, "Si mimi, wifi. Wallahi si mimi." Kisha akanitazama. Alinitazama muda mrefu, akiningoja. Mimi nikajifunika uso kwa kanga nikalia, na watu wakadhani namlilia Mama.

Dukani kwa Mhindi bafta ilikuwa imekwisha. Ilipatikana merikani tu, ngumu na ya njano njano, na jua lilikuwa linapanda. Mama yetu aliyejitunzia sanda yake miaka yote ile akazikwa kwa merikani. Mume wangu aliliona lile doa, akaiona merikani, akatoka nje.

Maneno yakaanza matanga yangali hayajaondolewa. Kwamba mtu wa mlimani kamtilia marehemu dawa ya kwao kwenye sanda. Kwamba homa ile si bure. Wifi ndiye aliyekuwa akiyasema, lakini waliosikiliza tulikuwa wengi, na mmoja wetu angeweza kuyakata kwa neno moja. Siku ya nane mume wangu akampa Bi Mdogo talaka. Alimpenda, nawaambieni.

Mjomba wa Bi Mdogo akashuka kumchukua. Kwao Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mume wangu kwa hasira zake hakubisha, akasema wachukueni wote.

Ole wangu! Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika hesabu zangu zote za kujiokoa sikukumbuka kwamba Zena naye ni wa mlimani.

Alinishika kanga akakataa kwenda. Akasema, "Mama Mkubwa, waambie." Hakujua niwaambie nini, mtoto masikini, alisema tu kwa kuwa nilizoea kuwaambia watu na wakasikia. Mimi nikamtoa kidole kimoja kimoja, nikamkabidhi kwa mama yake.

Tangu siku ile nyumba imepooza. Mume wangu anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Mimi nalala kwenye kitanda kipana. Nguo zipo vilevile, lundo kwa lundo, na wafuaji wananiogopa vilevile, na wakikosea nanyamaza. Wanadhani ni majonzi ya Mama.

Wakati wa kuvuna maharage nikashindwa kuvumilia. Nikadanganya kwamba naenda kumtazama mgonjwa, nikapita Bigwa nikaupanda mlima, natweta, nauliza njia. Nilimkuta Bi Mdogo shambani kwa mama yake, kwenye mteremko, anang'oa maharage. Amekonda. Nikapiga magoti palepale udongoni nikasema yote.

Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua, dada," akasema. "Wiki ile niliikuta kaniki yangu umeianika nyuma ya jiko peke yake, umeificha. Nikajua umeharibu kitu. Sikujua ni nini mpaka wifi alipoikunjua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, nani angenisikia? Nilikungoja wewe."

Nikamwomba anisamehe. Nikamshika miguu. Akaitoa miguu yake taratibu, akaendelea kung'oa.

"Ulinitia aibu uani, mbele ya watu, mbele ya maiti," akasema. "Hapa kwenye maharage kuna nani? Huu msamaha wa shambani siuchukui. Kauombe palepale."

"Nikisema ataniacha."

"Na mimi je? Nilifanywa nini?"

Mara Zena akaja na kapu kichwani, amerefuka. Nikafungua mikono. Akalitua kapu, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo," kama anavyopewa mpita njia yeyote. Kisha akaenda kusimama nyuma ya mama yake.

Nilishuka mlima nalia kwa sauti, wanaopanda wakinipisha.

Sasa ni wiki ya tano. Kila asubuhi nafungua kinywa nimwambie mume wangu, na kinachotoka ni, "Una nguo ya kufua?" Kila asubuhi! Ndipo nikamwendea mtu ajuaye kuandika, aliyeapa kunyamaza, akaniandikia haya kama nilivyoyasema.

Wenzangu mnaoshika nyumba za watu, nawasihi. Ukiharibu nguo ya mtu, mpelekee ingali mbichi mkononi. Mwambie mimi nimeiharibu. Atakutukana, mtukanane, mpatane. Usiikunje! Na ukiulizwa mbele ya watu nani amefanya, na wewe ndiye, jibu mimi. Usitafute maneno mazuri yasiyo uongo wala si kweli. Yangu mimi yalikuwa sita, yamevunja ndoa ya mtu, yamemtia jina la mchawi, na yamenipokonya mtoto.

Jina langu sikulitia, na najua Bi Mdogo angelidai. Lakini gazeti hili kwetu halisomwi kimya. Likifika, mwalimu wa mtaa hukaa barazani akalisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, na mume wangu na ndugu zake husikiliza, na wifi huleta mkeka wake karibu na dirisha. Barua hii nao wataisikia. Hakuna nyumba nyingine Morogoro iliyozika mama yake kwa merikani sanda yake ikiwepo.

Nitakuwa nyuma ya mlango siku hiyo, nimevaa, nimesimama. Mume wangu akiniita jina langu nitatoka nje mbele yao wote nitaitika. Na asiponiita, nitatoka vilevile, niseme ni mimi.