Dengu Kidogo Katika Unga wa Mtoto

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata ile niliyovikwa joho la udaktari. Nilikuwa binti mwenye haraka na maneno mengi, ndiyo kwanza nimeajiriwa kwenye maabara ya utafiti Mwanza. Nyumbani Bariadi wakiniuliza nachunguza nini, nawajibu amino asidi. Baba alisema afadhali ningesomea ng'ombe.

Amino asidi ni vipande vinavyounda protini, na bila protini mwili haujengeki. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja, laisini. Dengu inacho kwa wingi. Kule Lagangabilili, kijiji cha upande wetu wa Bariadi, watoto walioachishwa ziwa walikuwa wakinywa uji wa mahindi matupu, miguu inavimba, nywele zinapauka. Tulitaka kuwatengenezea unga wa mahindi na dengu. Lakini soko huria lilikuwa limeingia, malori ya wanunuzi binafsi yaliyofuata pamba yakaanza kubeba na dengu, bei ikapanda hadi mkulima mwenyewe akaona kuila ni anasa. Kwa hiyo nilipewa kazi ya kutafuta kiasi kidogo kabisa cha dengu kinachoweza kumtosha mtoto.

Nikakipata, tena upesi! Tulikuwa tunachemsha unga kwenye asidi, tunadondosha maji yake kwenye karatasi maalumu, tunasubiri vipande vitengane, tunaianika, kisha tunaipulizia dawa. Penye amino asidi panageuka zambarau. Karatasi zangu zilionyesha doa kubwa la laisini hata pale dengu ilipokuwa kiduchu. Mwenye mashine ya kusaga Bariadi, aliyekubali kutusagia unga huo, alikuwa ananisubiri mimi tu. Nilitembea kwa madaha wiki nzima.

Msimamizi wangu, Dakta Sabina, mama asiyependa kelele, akaiinua karatasi moja dirishani.

"Minza, hii mistari ndani ya doa ni ya nini?"

"Mistari gani, Dakta?"

"Lete kidole gumba."

Nikakiweka juu ya doa. Kikaenea sawasawa.

Jasho la vidole nalo lina amino asidi, mwanangu. Kwa pupa yangu nilikuwa nazianika karatasi kwa mikono mitupu, nazishika kila mara palepale panapotokea doa la laisini. "Ulikuwa unatafuta chakula cha watoto, ukajipata mwenyewe," alisema. "Unga huu ungewashibisha, na wangeendelea kuvimba. Nenda Lagangabilili ukawaambie kwa mdomo wako." Nililia, kwa aibu na kwa hofu ya kile ambacho kingetokea.

Nilimkuta Mama Holo, kiongozi wa akina mama waliokuwa wakiungojea unga wetu, amempakata mjukuu wake aliyevimba miguu.

"Wangaluka, mayo," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama binti anavyomwamkia mama yake, nikamweleza kwamba nimekosea kipimo na unga bado. Aliivuta khanga yake akaifunika miguu ya mtoto; nikatamani anitukane.

"Wenye malori wanatupimia pamba kila msimu," akasema. "Hajaja hata mmoja kusema mizani yake imekosea. Wewe umekuja. Rudi kapime, mayo. Utakachotuletea tutawapa watoto."

Nikapima upya, safari hii nikizishika karatasi kwa kibanio. Dengu iliyotakiwa ilikuwa nyingi kuliko nilivyojigamba. Akina mama wakakubaliana kila nyumba itenge dengu ya mtoto kabla lori halijafika, na mwenye mashine akasaga. Nilipokwenda tena, mjukuu wa Mama Holo alikuwa anafukuza kuku uani, na bibi yake anamgombeza. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Nimeendelea na amino asidi hadi kustaafu, nikifuatilia mwili unavyozitumia na unavyozikosa, na sijachoka. Nakuusia hivi: jibu likikufurahisha mno, likague kwa jicho kali kuliko lile linalokuudhi. Na ukikosea, usitume mtu. Nenda mwenyewe kwa wale wanaokutegemea, uwaambie wakiwa wanakuangalia usoni.

Mungu akupe kazi ya kukupendeza mpaka uzeeni, mwanangu, na akupe watu watakaokuamini unapoirudia.