Mzee wa Usoke Niliyembonyeza Kinena

Miaka ile ya Ujamaa, hapa Tabora hakuna aliyenizidi kunyoosha viungo. Asubuhi moja nilikuwa namngoja mgonjwa wa nyonga kutoka Usoke. Akaingia mzee amejishika kiuno kwa uchovu wa treni.

"Shikamoo mzee. Umetoka Usoke?"

"Marahaba. Ndiyo, nimekuja ku—"

"Najua. Lala hapa."

Nikamkunja goti hadi kifuani, nikamzungusha paja, nikambonyeza kinena.

"Panauma?"

"Sasa panauma!"

"Vizuri! Ndipo penyewe."

Nilipomaliza, jasho likimtiririka, nikafungua daftari na kumuuliza jina. Alilitaja. Alikuwa baba yake Monika, binti niliyepeleka posa kwao juma lililopita.

"Nilikuja kumwona kijana anayemtaka binti yangu," akasema akitafuta viatu. "Nimemwona."