Mbuzi wa Mjomba

Mkitaka kujua mpatanishi huishia wapi, nendeni Kanja mkamwulize Njoki wa Ndwiga. Mtamkuta nyuma ya nyumba akimkatia majani mbuzi mmoja mzee, dume jeupe lisilo na meno, lisilouzwa wala kuchinjwa. Hatawaambia kitu. Kwa hiyo wacha niseme mimi, maana mdomo wangu haujawahi kunisikiliza nikiukataza.

Njoki alizaliwa chini, upande wa Ishiara, kwenye joto na miiba, kwa Wambeere. Akaolewa juu, Kanja, kwa Waembu wenye kahawa na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Kutoka huko hadi huku ni mwendo wa asubuhi moja, na lugha zenyewe ni ndugu, lakini ukisikia watu wanavyosemana utadhani wanatoka nchi mbili. Wa juu husema wa chini ni wavivu, kazi yao kula pojo na kurogana. Wa chini husema wa juu ni wachoyo, mtu anakukaribisha chai huku akitazama ndizi zake zisipungue. Njoki aliyasikia yote mawili, akayacheka yote mawili, na kwa sababu alikuwa mtu wa kupenda amani kupita kiasi, hakumjibu mtu yeyote.

Mwaka wa themanini na tano ndugu yake wa pekee, Kithaka, aliletwa kufundisha katika shule ya msingi ya hapo kijijini. Ndwiga, mume wa Njoki, alimpokea vizuri sana. Hilo tusimnyime. Alimpa chumba, kisha akamkatia kipande cha shamba karibu na mto alime mboga. Jioni mashemeji hao wawili walikuwa wakikaa jikoni wakibishana juu ya habari za redio, na binti ya Njoki, Wamuyu, akiwa magotini pa mjomba wake akijifunza kusoma kwenye gazeti lililofungiwa nyama. Njoki alikuwa akigeuza chapati na kusema moyoni kwamba hakuna mwanamke mwenye bahati kama yeye. Masikini.

Ikaja Februari ya themanini na nane, na ule uchaguzi wa mlolongo. Vijana wa leo hawaujui. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Unakwenda uwanjani, wakala wa mgombea anainua picha ya mtu wake, na wewe unapanga foleni nyuma yake mchana kweupe, jirani akikuona, mchungaji akikuona, chifu akikuona. Ndwiga alipewa kushika picha ya yule aliyetakwa na wakubwa. Kithaka alipanga mstari wa yule mwingine. Usiku uliotangulia walikuwa wametaniana tu, "Shemeji, kesho nitakushinda hata nikiwa nimelala," na hakuna aliyenuna. Njoki alisimama hatua moja nyuma ya mumewe. Jina la huyo mgombea hata hakulijua sawasawa. Alisimama pale mke anaposimama.

Mstari wa Kithaka ulizunguka uwanja ukafika nyuma ya vyoo vya shule. Wa Ndwiga uliishia kwenye goli. Msimamizi akahesabu, akafuta jasho, akatangaza kwamba mfupi ndio mrefu. Watu wakanyamaza, maana nyakati zile mtu alikuwa na akili ya kunyamaza. Lakini Kithaka alikuwa mwalimu wa hesabu, jamani, na kuna watu hesabu huwauma kama jino.

"Hesabuni tena!" akapaza sauti.

Naibu wa chifu akageuka. "Nani huyo anapiga kelele? Ni wa nani?"

Macho yote yakamwendea Ndwiga, kwa sababu kila mtu alijua Kithaka analala kwa nani na anakula kwa nani. Ndwiga alikuwa bado ameinua ile picha. Akasema, "Huyo si wetu. Ni mtu wa huko chini."

Njoki alikuwa karibu naye kiasi cha kunusa tumbaku kwenye koti lake. Alisikia kila neno.

Mtu mwenye wenyewe hapigwi ovyo, watu huogopa wenyewe. Lakini ukishatangaziwa kwamba huna wenyewe, basi. Vijana wa chama tawala wenye rungu walimvuta Kithaka nyuma ya madarasa, na alipotoka huko vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepinda, na havikunyooka tena. Mwalimu asiyeweza kushika chaki ni mwalimu gani? Barua ya uhamisho ilipokuja hakuijibu. Aliteremka Ishiara akachunga mbuzi. Yeye na Ndwiga hawakusemezana tena.

Sasa ndipo kazi ya Njoki ilipoanza, na aliifanya miaka kumi na mitano bila kuchoka. Kila alipokwenda kwao alibeba ndizi na salamu, na alirudi na pojo na salamu. Na salamu zenyewe alizipepeta kama anavyopepeta hizo pojo, makapi yakabaki njiani.

Ndwiga angesema, "Mwambie ndugu yako akitaka kukaa na kinyongo akae nacho. Mimi sikumkosea." Njoki angefika chini na kusema, "Shemeji yako anakusalimia sana. Anasema yaliyopita yamepita."

Kithaka angesema, "Mwambie siku atakayokiri mbele ya watu lile neno alilosema uwanjani, nitapanda Kanja hata kwa magoti." Njoki angepanda na kusema, "Kithaka anasema ipo siku atakuja."

Mnacheka? Mimi nilikuwa nacheka pia. Lakini niambieni, ni nani kati yenu hajafanya hivyo?

Mwaka wa elfu mbili na tatu Wamuyu alipata mchumba, kijana Mmeru anayeitwa Muthamia, wa familia ya wakulima wa viazi kule Kibirichia. Wazazi wake wakatuma ujumbe kwamba watakuja kwa mazungumzo ya mahari. Njoki akashika kichwa. Kwetu mjomba, yaani ndugu wa mama, si mtu wa kurukwa. Msichana akiolewa lazima mjomba apewe mbuzi wake, naye atoe baraka kwa kinywa chake. Mjomba akikataa, hata wale wanaosema wameokoka huanza kunong'ona. Na mbali na hayo ya desturi, Njoki alimtaka ndugu yake. Alimtaka tu, akae tena jikoni kwake abishane na redio.

Mwaka huo serikali mpya ilikuwa imeingia na nchi nzima ilikuwa na homa ya kupatana. Chifu katika baraza alihubiri hadi mate yakamkauka: ketini, ongeeni, sikilizaneni. Njoki alirudi kutoka baraza hatua zake nyepesi kama za msichana. Kesho yake akateremka Ishiara.

"Njoo, Kithaka. Kwa ajili ya mtoto."

"Na lile neno?"

"Atalisema. Atalisema mwenyewe, mbele ya wazee. Anataka kulisema."

Uongo mtupu, na alijua. Lakini alijiambia kwamba wanaume ni aibu tu, wakishaonana macho kwa macho mengine yatajipanga. Akamrudia Ndwiga akamwambia, "Baba Wamuyu, ndugu yangu amesahau kila kitu. Yeye anachotaka ni kukusalimia."

Mkutano ulikuwa Jumamosi, wiki moja kabla ya wageni wa Kibirichia kufika. Viti vilipangwa mbele ya nyumba. Mzee Nyaga, binamu mkubwa wa Ndwiga, alikuwa katikati kama mwenyekiti. Ndwiga, ambaye sasa alikuwa mzee wa kanisa, alivaa koti la Jumapili. Mbuzi wa mjomba, dume jeupe changa, alifungwa kwenye mti wa kahawa uliokuwa karibu. Kithaka alifika kwa miguu, nywele zimekuwa mvi, akiwa na kibuyu cha asali. Walisalimiana, wakaulizana mvua. Njoki akamimina chai kwa furaha. Alimwona Kithaka akipokea kikombe kwa mkono wa kushoto, na akamwona Ndwiga akitazama vile vidole vya kulia kisha akitazama kando.

"Basi tumeketi," akasema Nyaga. "Nani ataanza?"

Ndwiga akakohoa. "Karibu, shemeji. Mama Wamuyu ameniambia umeyasahau ya zamani. Mimi nashukuru sana."

Kithaka akaweka kikombe chini polepole. "Mimi ameniambia wewe utalisema lile neno. Nimekuja kulisikia."

"Neno gani?"

"La uwanjani."

"Uwanjani mimi sikusema kitu," Ndwiga akasema. "Nilinyamaza. Kama kunyamaza ni kosa, hilo nakubali, niliogopa. Lakini sikusema kitu."

Na hapa ndipo ninapochemka mpaka leo, kwa sababu naamini hakuwa anadanganya. Miaka kumi na mitano alikuwa amejisimulia siku ile, kila mara akipunguza kidogo, mpaka akabaki mtu aliyenyamaza tu. Angekuwa mwongo ningejua la kumfanya.

"Ulisema mimi si wenu," Kithaka akasema. "Ulisema ni mtu wa huko chini. Sitaki mbuzi, sitaki pesa, sitaki upige magoti. Sema tu kwamba ulisema, halafu tunywe chai."

"Siwezi kukiri kitu sikufanya. Mimi ni mtu wa kanisa."

Nyaga akawatazama wote wawili. "Kuna shahidi?"

"Yuko," Kithaka akasema. "Alikuwa hatua moja nyuma yake."

Wakageuka wote. Njoki alikuwa amesimama na birika.

"Sema, Njoki," Kithaka akamwambia, taratibu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia zamani walipochunga pamoja. Ndwiga alimtazama mkewe tu, na uso wake ulikuwa na hofu ya kweli, hofu ya mtu anayeanza kujiuliza kama alisema.

Neno moja lingetosha. Ndiyo. Njoki alilihisi ulimini. Akafikiria kanisa, na wake za wazee wa kanisa. Akafikiria wageni wa Kibirichia wakifika na kukuta nyumba imekwisha kutajwa soko zima. Akafikiria kwamba Kithaka atarudi Ishiara jioni hiyo, na yeye atabaki hapa na Ndwiga, kesho na kesho kutwa. Mlangoni mwa jikoni Wamuyu alikuwa amesimama akisikiliza.

"Siku ile kulikuwa na kelele nyingi," Njoki akasema. "Sikusikia vizuri."

Kithaka hakukasirika. Heri angekasirika, angevunja kikombe, angetukana. Aliinuka, akakung'uta suruali.

"Njoki," akasema, "bado umesimama pale pale."

Nyaga akamfuata akimwomba angalau achukue mbuzi. Hakumchukua. Wamuyu alimkimbilia hadi langoni, naye akamwambia, "Nenda ukaolewe, mwanangu. Wewe sina neno nawe." Lakini mkono hakumwekea kichwani, na baraka hakutoa. Akateremka. Asali yake ilibaki mezani na hakuna aliyethubutu kuionja.

Wageni wa Kibirichia walikuja na magunia yao ya viazi. Walipouliza mjomba yuko wapi, Nyaga aliwaambia ameshikwa na malaria. Walikula, wakacheka, harusi ikafanyika. Tangu siku hiyo Wamuyu humsalimia mama yake vizuri sana, kama unavyomsalimia mke wa mchungaji. Na yule mbuzi alibaki. Ndwiga alisema auzwe, lakini hakupatikana mnunuzi, kwa sababu kijiji chote kilijua. "Hiyo ni mbuzi ya mjomba," watu walisema. "Kula wewe kama una tumbo mbili."

Miaka mitatu baadaye Kithaka alifariki kwa homa. Ndwiga alisema mgongo unamwuma, hawezi safari. Njoki akateremka peke yake. Mazishi yalikuwa makubwa, wanafunzi wake wa zamani walijaa, na mwakilishi wa mheshimiwa fulani alikuwa kwenye hema akitazama saa. Msema chochote akaita, "Dada ya marehemu, kutoka kule juu, atusalimie."

Njoki alipewa kipaza sauti. Alikishika kwa mikono miwili. Akasema kwa nguvu, ikasikika mpaka kwenye sufuria za wapishi:

"Alisema. Mimi nilikuwa nyuma yake, nilisikia. Alisema."

Watu wakatazamana. Mwanamke mmoja mbele akasema masikini, ni uchungu. Hakuna hata mmoja pale aliyejua anazungumza juu ya nani.

"Asante sana, mama," akasema msema chochote, akichukua kipaza sauti. "Pole sana. Tunaomba wasemaji wawe wafupi, tuko na wageni bado hawajaongea."

Alifika Kanja jua likishuka. Ndwiga alikuwa ameketi nje na mto mgongoni.

"Mlizika vizuri?"

"Tulizika."

"Ulipewa nafasi ya kuongea?"

"Nilipewa."

"Ukasema nini?"

Njoki alimtazama. Alikuwa amezeeka, shati limefungwa vifungo vibaya. Hakukuwa na mtu mwingine yeyote pale, wala kelele yoyote.

"Niliwashukuru watu kwa kuja," akasema, akachukua panga, akaenda kumkatia mbuzi majani.