Nusu Inchi Niliyomwibia Dada

Dada yangu haoni. Mwaka wa pili huu macho yamegoma kabisa.

Lakini Jumapili ile alikiona kitu nilichokuwa nimekificha katikati ya vitambaa viwili na kukishonea juu. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Kaeni niwasimulie, wajukuu zangu. Kwanza, kitendawili!

(Nimewasikia, mmesema tega.)

Nikiwa peke yangu nina inchi nne na nusu. Nikipata majirani nabaki na nne. Nusu yangu kaila nani?

Msiojua kushona nipeni mji. Haya, jibu ni mshono. Kipande kikiunganishwa na vingine, kila upande robo inchi inamezwa ndani. Ndiyo maana tunakata kikubwa kuliko tunavyotaka kionekane. Na hiyo nusu inchi ndiyo iliyoniadhiri.

Dada amenipita miaka kumi na miwili. Mama alifariki mimi bado nanyonya, akanilea yeye.

Siku moja aliniita chumbani kwake, akachomoa chini ya mto kitambaa kilichokunjwa.

"Mdogo wangu, nishonee shuka la viraka lenye nyota nifunike miguu. Nyota nyingine weka vitambaa upendavyo. Ile ya katikati, moyo wake uwe huu. Ni gauni la mama, ndicho kilichobaki."

Kitambaa hicho nilikijua kwa macho tu tangu utoto. Kukishika, ndiyo mara ya kwanza. Bluu iliyopauka, na mstari wa vitundu vidogo vidogo vilivyopangana kama sisimizi. Nikadhani ni uzee.

"Kikate nne na nusu. Hakina ziada, umesikia?"

"Dada jamani! Leo unanifundisha mimi kushona?"

Nikacheka. Ningejua!

Nikaweka cherehani karibu na dirisha. Punde si punde jirani yetu tunayemwita Mama Redio akaegemeza viwiko dirishani, akaanza taarifa ya habari: nani kaachika, nani kahama na kitanda cha watu. Nacheka huku mkasi unatembea juu ya kile kitambaa cha bluu.

Nikashona pembetatu nane, nikazinyoosha kwa pasi, nikaziunganisha na ule mraba wa bluu.

Ncha hazikukutana.

Nyota ilikaa kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno. Nikafumua, nikapima ule mraba.

Inchi nne kamili. Nilikuwa nimesahau chakula cha mshono, ile nusu inchi inayomezwa.

"Mbona umenyamaza ghafla?" Mama Redio akauliza.

"Hamna. Endelea tu."

Ningeinuka saa ileile nikamwambie dada. Ni milango miwili tu.

Lakini kuna neno lilinipitia kichwani, na ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilijiambia: haoni huyu, atajuaje?

Nikatafuta foronya yangu kuukuu, bluu inayofanana, imefuliwa hadi imelainika. Nikakata nne na nusu. Nyota ikatulia.

Kile cha mama sikuthubutu kukitupa. Nikakilaza nyuma ya mraba, nikafunika na bitana, nikashona pande zote. Nikajiona mjanja.

Nilipompelekea, vidole vyake vilihesabu nyota mpaka vikafika katikati.

"Ahsante, mdogo wangu. Umenitendea jambo."

Wiki nzima nikamwacha aamini hivyo. Kila nikipita namkuta kaweka kiganja palepale katikati, juu ya foronya yangu. Akiniita nasema nina kazi. Kazi gani? Nilikuwa namkimbia mtu asiyeweza hata kunifuata.

Jumapili mchana akanikamata kwa sauti nikipita mlangoni pake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba zangu zote zina sakafu moja. Ya katikati ina mbili."

Kumbe vidole vyake vilikuwa vimekihisi kile kipande cha chini!

"Nakupa mji, dada. Chagua wowote."

"Mji nikaupeleke wapi mimi na macho haya? Nipe ukweli."

Nikapiga magoti nikamwaga yote. Foronya, mkasi, umbea wa dirishani. Hata lile neno la "haoni huyu", nikalisema.

Akanisukumia lile shuka. Kisha akasema, "Fumua."

Nikafumua, nikampa kipande. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye vile vitundu.

"Hapa palishonwa mfuko wangu wa kalamu," akasema taratibu.

"Wako? Si gauni la mama?"

"Gauni la mama liliishia kwenye nepi zako, wewe! Ulikuwa unavuja kama bomba bovu." Akacheka kidogo. "Hii ni sare yangu. Darasa la tano. Niliivua siku tuliyomzika mama, sikuivaa tena."



"Sasa mbona ulisema ni ya mama?"

"Ulikuwa unaanza darasa la kwanza, ukaniuliza ile nguo ya nani. Ningekwambia, ungeenda shule na moyo gani?"

Wajukuu zangu, mimi nilisoma mpaka darasa la saba. Kila herufi mnayoisoma hapa niliipata kwa sababu mtu alivua sare akanibeba mgongoni. Na hiyo sare ndiyo niliyoikata vibaya, nikaificha.

"Unalia nini tena? Kishone," akasema.

"Hakitoshi, dada."

"Si una foronya? Kizungushie ukanda mwembamba. Nani kakwambia moyo wa nyota haupigwi kiraka?"

Nikakizungushia, ukanda mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ncha nane zikakutana.

Yeye alinidanganya zaidi ya miaka sitini ili mimi nitembee mwepesi. Mimi nikamdanganya wiki moja, na ilikuwa ili mimi huyohuyo nitembee mwepesi. Mzigo wote miaka yote kaubeba yeye.

Alinisamehe kabla sijainuka magotini. Mimi bado sijajisamehe.

Ukikata vibaya, sema mkasi ukiwa bado mkononi. Usimpime mtu kwa kile asichoweza kukiona.