Kamati ya Watu Watano

Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo kikuu niliajiriwa na shirika dogo la kanisa mjini Shinyanga, lililochimba visima kwa msaada wa marafiki wa ng'ambo. Kazi yangu ilikuwa fomu. Fomu ilitaka kila kijiji kiwe na kamati ya watu watano, wote wanaojua kuandika.

Katika kijiji kimoja karibu na Maganzo niliyahangaikia majina ya kamati siku tatu, nikiandika na kufuta. Mkuu wa vijana, ambaye Wasukuma humwita nsumba ntale, nilimwacha. Yeye ndiye aliyewaita watu kwa ngoma kwenye kazi za pamoja, lakini hakujua kuandika.

Jumatatu ya kuchimba walikuja watu watano tu. Kamati. Wawili walikuwa wamevaa viatu vya kanisani. Kama shimo lisingefika maji kabla ya Ijumaa, pampu ya wafadhili ingepelekwa kijiji kingine. Kina mama walipita na ndoo wakienda kwenye lambo la ng'ombe.

"Kamati hoyee!" mmoja akacheka. "Chimbeni basi, tuwaone."

Nikamfuata nsumba ntale shambani kwake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, msomi. Kamati imechoka?"

Nikaanza kueleza masharti. Akanikatiza.

"Kazi hii anaiomba nani?"

"Wafadhili, baba."

"Wana nyumba hapa?"

"Hapana."

"Sasa nani atatupikia?"

Kwao kazi huombwa na mtu, kwa mdomo wake, naye huwalisha wanaokuja. Nikasema naomba mimi. Nikatoa redio yangu, nikapewa mbuzi wawili wa kuwachinjia wachimbaji. Kesho yake ngoma ikalia, watu wakaja na majembe, na Alhamisi shimo likatoa maji ya tope.

Ijumaa wageni walifika, wale wafadhili wa ng'ambo. Kamati ikapanga mstari mbele ya pampu, ikapigwa picha. Nsumba ntale alikuwa amekaa chini pembeni, udongo umemkaukia hadi viwikoni.

"Yule ni nani?" mgeni mmoja akauliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

Nikawaza fomu. Nikimtaja, wataniuliza kwa nini hayumo. Nikieleza, watakitilia shaka kisima chote.

"Mwanakijiji," nikasema.

Nsumba ntale akanisikia. Akainuka, akajipangusa suruali.

"Msomi, ngozi za mbuzi wako ziko kwangu. Njoo uzichukue."

Sikwenda; niliona aibu kukutana naye. Jumatatu iliyofuata nilipewa fomu ya kijiji kingine, yenye nafasi zilezile tano, nikakaa nayo mezani hadi adhuhuri bila kuandika kitu.